DOLA, TAIFA NA SERIKALI: TUWAFUNDISHEJE VIJANA WETU?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na wafanya kazi wanachama, Sigalagala, Kakamega)



Tuliombwa tuseme juu ya namna ya kuwafundisha wanafunzi tofauti ya maneno matatu: dola, taifa na serikali. Wako watakaodhani kuwa hili ni jambo dogo la vitabuni. Sivyo. Mtu asiyeijua tofauti hii aweza kudhulumiwa mchana kweupe, kisha akaambiwa kuwa aliyemdhulumu ndiye nchi yake, na kwamba akilalamika amekuwa msaliti.

Tuanze darasani. Tulipouliza, "Dola ni nini?" jibu la kwanza lilikuwa, "Ni pesa za Marekani." Darasa likacheka, nasi tukacheka. Tulipouliza, "Serikali ni nini?" mmoja akasema ni chifu, wa pili akasema ni polisi, wa tatu akasema ni Rais, na wa nne akasema ni siri kali. Tulipofika kwenye taifa, wengine walitaja timu ya mpira, wengine wakataja kabila lao. Hatukuwakemea, maana hata sisi watu wazima tunayachanganya maneno haya kila siku.

Tuliona yafaa kuanza na asili ya maneno. Dola na taifa yametoka katika Kiarabu. La kwanza lina maana ya enzi na utawala, la pili lina maana ya kundi la watu. Serikali ni neno la Kiajemi lililotufikia kwa njia ya Bara Hindi: "sar" ni kichwa, na "kar" ni kazi. Kwa hiyo siri kali ni mzaha tu wa watu. Kwa asili yake serikali ni mkuu wa kazi, yaani msimamizi. Nasi wafanya kazi twajua vema kwamba msimamizi wa karakana siye mwenye karakana.

Basi twawaambia wanafunzi hivi. Taifa ni watu wanaojiona kuwa ni wamoja kwa historia yao, mambo yao na matumaini yao. Dola ni ile enzi iliyosimama juu ya ardhi yenye mipaka, yenye sheria, na inayotambuliwa na wengine. Mapatano ya Montevideo ya mwaka 1933 yalitaja mambo manne ya kuifanya dola: watu wakaao humo, ardhi inayojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Serikali basi ni sehemu moja ya dola. Ni watu na ofisi zinazoendesha kazi kwa muda waliopewa.

Kwa vijana wa ufundi wa magari tulitumia mfano wa basi. Abiria ni taifa. Basi lenyewe, pamoja na hati yake, ni dola. Dereva na utingo ni serikali. Dereva akiendesha vibaya, abiria wana haki ya kumwambia apunguze mwendo, hata kumbadilisha. Lakini hakuna mwenye akili anayelichoma basi ambalo yeye mwenyewe amepanda. Mfano huu una kasoro yake, maana abiria hushuka kituoni, na taifa halishuki.

Ndugu zetu, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Hapa tulipo, kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Kakamega, wazee wetu walihesabiwa kuwa katika himaya ya Uganda. Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya yao ya Afrika ya Mashariki, ambayo mwaka 1920 iliitwa Koloni la Kenya. Mambo hayo yalifanywa kwa kalamu. Hapana mtu wa hapa aliyehamisha hata chungu kimoja, lakini aliamka akiwa chini ya utawala mwingine. Na Wasamia, ndugu zetu wa Busia, wako pande mbili za mpaka hata leo. Mpaka wa dola na mpaka wa watu si lazima ufuate mstari mmoja.

Jambo la pili ni dhahabu. Mwaka 1930 ilitungwa sheria iliyoahidi kwamba ardhi iliyotengwa kwa Waafrika ingekuwa yao milele, na kwamba kipande kikichukuliwa kwa haja ya umma, kingine kingetolewa badala yake. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega, na wachimbaji wa kizungu wakaja kwa wingi. Mwaka 1932 sheria ile ile ikageuzwa, ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa machimbo bila kutoa ardhi nyingine, ila fidia ya fedha tu. "Milele" haikudumu hata miaka mitatu.

Wanafunzi wakauliza, "Iliwezekanaje?" Tukawajibu kwamba serikali ilikuwako na sheria ilikuwako, lakini waliotawaliwa hawakuwa na sauti ndani yake. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, tena kwa kuteuliwa. Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika ulikuja mwaka 1957. Hivyo ndivyo inavyokuwa serikali isiyo na wenyewe.

Na taifa je? Je, taifa ni damu? Hapa twawasimulia habari za Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab, mmoja wa waanzilishi wa vyama vya wafanya kazi nchini Kenya. Mwezi wa Aprili mwaka 1950, katika mkutano huko Kaloleni, Nairobi, alitoa hoja ya kudai uhuru wa nchi za Afrika ya Mashariki. Mwezi uliofuata akakamatwa, akawekwa kizuizini mpaka mwaka 1961. Serikali ya wakati ule ilimwona ni adui. Taifa lilimwona ni mtu wake. Twawakumbusha pia Wamakonde wa Pwani, ambao wengi wao ni wazao wa waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Waliishi Kenya miaka mingi bila kitambulisho, mpaka mwezi wa Oktoba mwaka 2016, walipotembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, wakakubaliwa. Walikuwa ndani ya nchi na katika kazi zake, lakini dola haikuwa imewaandika.

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963 serikali ilibadilika, lakini vitu vingi vya dola vilibaki: mipaka, mahakama, na hata madeni. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa mikopo iliyotoka Uingereza na Benki ya Dunia, na mikopo hiyo ilipaswa kulipwa. Tangu hapo tumekuwa na Marais watano, nao ni Kenyatta, Moi, Kibaki, Uhuru Kenyatta na Ruto. Kila mmoja alikuja na serikali yake, na Kenya ni ile ile. Ndiyo maana serikali inapokopa, kijana wa leo yampasa aulize. Mkopaji ataondoka, na deni litabaki kwa dola, yaani kwa mlipa kodi.

Majirani zetu watufundisha pia. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964 zikawa dola moja, lakini serikali zimebaki mbili, ya Muungano na ya Mapinduzi ya Zanzibar. Somalia ilipoteza serikali yake kuu mwaka 1991, lakini Wasomali hawakuacha kuwa Wasomali.

Mwanafunzi mwerevu atawauliza swali moja, nanyi mjiandae. Atasema, "Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 260, yaeleza dola kuwa ni jumla ya ofisi na vyombo vya serikali ya Jamhuri. Mbona ninyi mwatenganisha?" Msimfiche. Mwambieni kwamba wanasheria wamelifunga neno hilo hivyo ili ijulikane ni nani wa kudaiwa, Katiba isemapo kuwa dola ina wajibu fulani. Kisha mfungulieni kifungu cha 1, kisemacho kuwa mamlaka yote ni ya wananchi. Na kifungu cha 131 chamfanya Rais kuwa mkuu wa dola na mkuu wa serikali pia. Ni kofia mbili juu ya kichwa kimoja, na ndiyo sababu moja ya watu kuchanganyikiwa.

Tofauti hii ina faida ya kila siku. Tangu mwaka 2013 tuna serikali ya taifa na serikali za kaunti 47. Vyuo vya ufundi vya vijiji viko mikononi mwa kaunti. Chuo cha ufundi cha kitaifa, kama hiki cha Sigalagala, ni cha serikali ya taifa. Twajua kijiji kimoja kilichoandika barua ya madai juu ya chuo chao, barua nzuri yenye sahihi nyingi, wakaipeleka kwenye ofisi isiyohusika. Ilikaa huko muhula mzima. Haki yao ilikuwa kweli, ila hawakujua mlango.

Na kwetu wanachama, somo hili ni ngao. Tukidai mshahara tutaambiwa kwamba twalihujumu taifa. Tujibu kwa adabu: sisi tu sehemu ya taifa, na tunadai kutoka kwa serikali, kwa njia iliyowekwa na sheria za dola. Kifungu cha 41 chatupa haki ya kujiunga na chama na kugoma. Lakini ngao hiyo ina pande mbili. Anayeichukia serikali akavunja madawati ya shule au kuchoma zahanati, hakuipiga serikali. Amelipiga taifa, tena watoto wake.

Basi, ndugu walimu, kila mwanafunzi atoke darasani na maswali matatu. Jambo hili ni la nani? Nani amepewa kulisimamia? Na muda wake utakwisha lini? Ajuaye kuyauliza hayo hatadanganywa kwa urahisi.

Umoja ni nguvu.