Samaki Wanaogelea, Lakini Maji Si Salama

Mazungumzo tuliyotoa mbele ya wanamemba wa mutuali yetu ya waliorudi, Kyavinyonge

 

Leo hatuzungumzi habari ya mbegu wala ya michango. Tunazungumza habari ya umeme na maji, juu tuliona jambo katika nyumba ya mwanamemba mmoja, na yeye mwenyewe ametukubalia tuliseme mbele ya wote kabla halijaleta kilio.

Kijana wetu alirudi na wazo alilolipata kule ukimbizini. Akaunganisha vioo, akatengeneza akwariumu, akaweka ndani ngege wadogo kutoka bwawa la samaki, pamoja na pompi ya kupulizia hewa na taa. Majirani walimcheka: «Ziwa Edward liko hapa mlangoni, wewe unafungia samaki ndani ya kioo?» Lakini watoto walijaa, na watu wakawa wanakuja kucharji simu huku wakitazama. Kazi ikaanza kumpa kitu.

Mchana alitumia sola na konvertisera. Usiku alivuta waya kutoka grupu ya jirani. Siku moja mama yake, miguu mitupu juu ya sima yenye maji, alitia mkono kutoa jani lililoanguka ndani. Akaurudisha mbio: «Iko inaniuma sawa siafu!» Kijana akamjibu: «Mama, haina kitu. Angalia samaki, si wazima?»

Hapo ndipo pana kosa, na hata sisi wenye kusoma tungeweza kulifanya. Umeme unatafuta kurudi kule ulikotoka. Ukikosa njia yake ya waya, unapita kwenye maji, ardhi, chuma, hata kwenye mwili wa mtu. Ndege anatua juu ya waya wa umeme na hafi, kwa sababu hagusi kitu kingine cha kuupitisha. Samaki naye yuko vile: maji yote yanayomzunguka yako na nguvu karibu sawa, na kioo kinamtenga na ardhi. Lakini wewe mkono uko majini na miguu iko chini. Umekuwa daraja, na daraja hilo linapita kifuani. Kwa hiyo uzima wa samaki si kipimo cha usalama wako.

Tulipochomoa kila kitu na kuangalia, tulikuta waya wa taa umechubuka pale unapopita juu ya kioo, umefungwa kwa skochi, na skochi imelowa.

Wengine wanasema umeme wa grupu ni mdogo. Tuangalie hesabu. Chaja ya simu inatoa amperi 1, ni kusema miliamperi 1000. Kuanzia miliamperi 10 hivi, mkono unaweza kukazana usiachie tena. Karibu na 30, zikipita kifuani kwa muda, moyo unaweza kupoteza mwendo wake. Grupu ndogo ya volti 220 inapita hapo mbali sana. Tukumbuke pia Kinshasa, tarehe 2 Februari 2022, kwenye soko la Matadi-Kibala: waya mkubwa ulikatika na kuanguka penye maji ya mvua, watu 26 wakafa, wengi wao wamama wachuuzi. Ile ilikuwa nguvu kubwa kupita ya nyumbani, lakini njia ilikuwa ile ile: maji, miguu, ardhi.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kutia mkono majini, chomoa vyote. Kuzima haitoshi, maana suichi inaweza kukata waya mmoja na kuacha mwingine. Hii inahusu pia kongelateri ya samaki: ukiigusa na kusikia inawasha, ichomoe, usiizoee.

Pili, waya ushuke chini kuliko prizi, kisha upande kuingia ndani yake. Tone la maji litadondoka pale chini, halitafika kwenye prizi. Wala mutipriz isikae chini ya akwariumu.

Tatu, waya uliochubuka ubadilishwe. Skochi si dawa. Na bisibisi ya kupima isiwe ndiyo ya kukuhakikishia: kutowaka kwake hakuonyeshi kwamba hakuna hatari.

Nne, kuna dijonkteri diferansieli ya miliamperi 30. Inalinganisha umeme unaokwenda na ule unaorudi. Ikiona unapotea, inakata kwa muda mfupi kuliko sekunde moja. Lakini kwenye grupu na konvertisera nyingi, kama fundi hajaunga waya wa ardhi kwa namna inayokubaliwa na chombo chenyewe, inaweza isikate. Kifungo cha kujaribia kinaonyesha tu kwamba dijonkteri inafanya kazi. Hakionyeshi kwamba ardhi imeungwa. Kwa hiyo tuite fundi anayejua, tusiifunge wenyewe.

Tano, ndiyo njia aliyochagua kijana wetu: aliondoa volti 220 kabisa karibu na maji. Pompi na taa sasa ni za volti 12, moja kwa moja kutoka bateri, na fuzi karibu na bateri, maana bateri nayo inaweza kuchoma nyumba waya zikigusana.

Na kama mtu amekamatwa, usimshike. Zima grupu au chomoa kwanza. Ukishindwa, msukume na mti mkavu, wewe ukisimama pakavu. Kama hapumui, anza kumfinya kifua kwa nguvu na haraka, huku mwingine akitafuta msaada wa kituo cha afya.

Tunaomba komite ya mutuali iweke jambo hili kwenye mkutano unaokuja: nyumba yetu ya kucharjia simu iko na sima, na kila mvua inaingia maji. Fundi mmoja na dijonkteri moja ni mchango tunaoweza kuubeba pamoja. Tulikimbia vita, tukarudi wazima. Tusipoteze mtu kwa waya wa taa.

Yule mama bado hatii mkono ndani. Anasema samaki ni wa mwanawe, jani alitoe yeye. Hatukumlaumu.