Udongo Nao Una Daftari Lake

Hotuba ya Katibu kwa wanachama, katika kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Miaka kumi tumeshika neno la wazee: mali bila daftari hupotea bila habari. Vitabu vyetu hukaguliwa kila mwaka, wala haitoki senti bila stakabadhi. Lakini iko mali ambayo wengi huitumia bila hesabu, nayo ni udongo wa mashamba ya vitunguu.

Mkulima humtazama jirani, akanunua mbolea aliyonunua jirani. Tuifungue mifuko tuone. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfati. Mfuko wa Urea wa uzito ule ule una kilo 23 za naitrojeni, na fosfati hamna kabisa. Basi ikiwa shamba lina fosfati ya kutosha, anunuaye DAP ananunua kitu alicho nacho. Mbolea ya SA nayo huongeza uchachu wa udongo. Shamba lililokwisha kuchachuka litazidi kudhurika. Na kitunguu kilichozidishiwa naitrojeni mwishoni hutoa shingo nene isiyokauka upesi, kikaoza ghalani. Wakati huo mkopo wa mbolea ungali wangoja kulipwa.

Hasara ya kutoujua udongo si hadithi. Kwa jirani zetu wa Kongwa, mkoani Dodoma, Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga mwaka 1947, baada ya ukaguzi wa nchi uliofanywa kwa haraka. Mvua zilipokosekana, udongo ule ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, karanga zisichimbike. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na zaidi ya paundi milioni 35 zilikuwa zimepotea. Ikiwa wenye matrekta walishindwa, sisi wenye majembe hatuna budi kupima kwanza.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Miezi miwili au mitatu kabla ya kupandikiza miche, tutembee shambani kwa kupindapinda, tuchimbe mahali 15 hadi 20, kina cha sentimita 20. Tuepuke kichuguu, njia, chini ya mti, na mahali palipokuwa zizi au lundo la samadi. Udongo wote tuuchanganye katika ndoo safi isiyowahi kutiwa mbolea, tutwae nusu kilo, tuianike kivulini, kisha tuandike jina, kijiji, tarehe na zao lililopita. Udongo wa kichanga usichanganywe na wa mbuga. Kila mmoja uwe na mfuko wake. Bwana Shamba ataelekeza namna ya kuupeleka katika maabara, kama ile ya Mlingano, mkoani Tanga, au ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Majibu yakirudi yasifichwe sandukuni. Yakisema naitrojeni ni haba, kama ilivyo kawaida ya udongo wa kichanga, tuitie kidogo kidogo kwa awamu, kwa kuwa mizizi ya kitunguu ni mifupi na maji huisukuma mbolea chini isikofikiwa. Samadi ya ng'ombe wetu nayo ihesabiwe, maana husaidia kichanga kushika maji na chakula cha mmea.

Kwa hiyo twaleta azimio mbele yenu: kila chama cha msingi kichukue sampuli wakati wa kiangazi, wenye mashamba yaliyopakana, yenye udongo wa namna moja, washirikiane gharama, majibu yaandikwe daftarini, na hati ya kuagiza mbolea isitiwe sahihi kabla daftari hilo halijasomwa mkutanoni. Upimaji urudiwe kila baada ya miaka mitatu.

Twawaombeni mlipokee azimio hili, ili miaka kumi ijayo udongo nao ukaguliwe kama fedha.