Mrithi Hurithi na Deni

(Hotuba kwa wanachama wa ushirika, Shinyanga)



Desturi ya matanga tunaijua sote. Kabla mali ya marehemu haijagawanywa, msemaji wa ukoo husimama akauliza: nani anamdai marehemu, na marehemu anamdai nani? Mrithi anayetaka ng'ombe na kulikana deni hana heshima mbele ya wazee. Leo nataka tuliulize swali hilo juu ya mali kubwa kuliko zizi la mtu mmoja.

Huko Ireland mabwana wakubwa walikaa katika majumba ya mawe, na wakulima wakailima ardhi yao kwa kulipa kodi. Kijana aliyerithi jina na jumba alirithi pia rehani za babu, posho ya mjane na mafungu ya wadogo zake. Fedha hizo zote zilitoka jashoni mwa mkulima. Njaa kuu ilipoanza mwaka 1845, viazi vilioza, kodi zikakatika, na mabwana wengi wakafilisika. Mwaka 1849 ikatungwa sheria ya kuuza mashamba yenye madeni. Mnunuzi alipewa hati safi. Je, mkulima alipata nini? Alipata bwana mpya, na mara nyingi kodi kubwa zaidi. Wakulima wakapigania haki yao miaka mingi, hata sheria ya mwaka 1903 ikawakopesha fedha za kununua mashamba waliyoyalima, kwa deni la kulipwa zaidi ya miaka 60.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1940 Dr. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui. Alifariki Januari 1958, na hisa zake zikawaangukia ndugu zake. Hawakukaa nazo; waliuza mwaka ule ule. Nusu ya mgodi ilichukuliwa na De Beers, na nusu na Serikali ya Tanganyika. Serikali hiyo ilikuwa ya mkoloni, lakini Uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961, nusu ile ikawa urithi wa taifa. Tangu hapo hisa zimebadili mikono mara kadhaa. Shimo halikuhama.

Ndugu zangu, deni la mgodi si fedha za benki peke yake. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la Mwadui ulipasuka, na tope likaingia katika mashamba na nyumba za majirani. Geita nako, mgodi wa zamani wa dhahabu ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000. Dhahabu ikishasafirishwa hairudi. Ardhi iliyochimbwa humbakia mwana wa kijiji.

Kwa hiyo, kila mgodi unapobadili mwenyewe, tuulize swali la matangani: nani atafukia shimo, nani atalinda bwawa, na fedha za kazi hiyo zimewekwa wapi? Jibu liandikwe kabla ya hati kutiwa sahihi. Mwuzaji akishapanda ndege, tutamdai nani?

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Basi tulidai daftari.