Plau ya Jirani Ina Fungu Lake

 

Mlituomba tuzungumze juu ya "matumizi ya pamoja ya vifaa". Hayo ni maneno ya ofisini. Sisi tunajua mnachouliza. Mnauliza juu ya plau na ng'ombe wa jirani: nani analipa nini, nani anafanya kazi gani, na kwa nini kila mvua ikishanyesha kunakuwa na watu wawili katika utui ambao hawasalimiani.

Jambo hili si dogo. Huku kwetu Kitui na Makueni mvua haingoji mtu. Ile tunayoitegemea zaidi ni ya Oktoba hadi Disemba, na mara nyingi maji ya kutosha shambani ni ya wiki chache tu. Mtu ambaye mbegu yake iko ardhini mvua ya kwanza ikianguka, huyo ana matumaini. Anayepanda wiki mbili baadaye, mahindi yake yanatoa maua wakati jua limesharudi, hata kama ni Katumani inayokomaa haraka. Kwa hiyo mtu akichelewa kupata plau, amekosa chakula cha miezi.

Tena ng'ombe wa kulima wamepungua. Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, na Septemba 2021 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mnajua wenyewe ni ng'ombe wangapi walikufa zizini na wangapi waliuzwa kwa bei ya kutupa. Leo si ajabu kukuta nyumba tano au sita zinategemea maksai wawili wa mtu mmoja. Mwethya wa zamani tunaoukumbuka ulikuwa wa mikono: leo kwangu, kesho kwako, na kila mtu alikuja na mikono yake miwili. Plau si hivyo. Plau ni ya mmoja, na hapo ndipo matata huanza.

Tuliwahi kufuatana na kikundi kimoja upande wa Kitui Kusini. Mama mmoja mjane alikuwa na maksai wawili na plau, ile ya Victory ambayo wengi wenu mnaijua. Marafiki zake sita hawakuwa na kitu isipokuwa jembe la mkono. Mama huyu hakuwa mtu wa kukataa. Mvua iliponyesha, jirani wa kwanza alikuwa mlangoni alfajiri, naye akapewa. Wa pili akaja, naye akapewa. Kila mmoja alisema, "Yangu ni ekari moja tu." Lakini ekari moja kwa ng'ombe waliokonda ni siku mbili. Hesabuni wenyewe: nyumba sita, siku mbili mbili, ni siku kumi na mbili. Ukiacha Jumapili, hizo ni wiki mbili kamili. Shamba la mwenye ng'ombe lililimwa la mwisho. Marafiki walivuna magunia, yeye akavuna mabua. Mwaka uliofuata aliuza maksai mmoja alipe karo ya shule, na maksai mmoja katika nira ya wawili hafai kitu. Nyumba saba zikarudi kwa jembe la mkono.

Tuliongea na wale sita mmoja mmoja. Kila mmoja alituambia, "Lakini mimi nilimpa kitu." Na ilikuwa kweli. Mmoja alipeleka sukari, mwingine debe la mbaazi wakati wa mavuno, mwingine alimpalilia nusu siku. Hakuna aliyekuwa mchoyo. Shida ni kwamba kila mtu alilipa alichotaka, wakati alipotaka, na hakuna hata mmoja aliyelipa kile hasa mama alichokuwa anapungukiwa: siku zake za kwanza za mvua, na nguvu za ng'ombe wake.

Basi tuanze na nguvu hizo. Mvua inaponyesha, ng'ombe wametoka miezi minne au mitano ya jua. Wamekonda. Ndiyo wakati wanaitwa kufanya kazi nzito kuliko zote za mwaka. Sasa jiulize, ni nani aliyewaweka hai tangu Juni? Ni nani aliyewapeleka mtoni, akachimba mchanga, akawanywesha kwa karai? Ni nani aliyenunua dawa ya kupe na chumvi? Mkopaji humwona ng'ombe siku mbili tu kwa msimu, siku ambazo anavuta. Siku nyingine zote hazioni.

Ndiyo sababu tunasema gharama za ng'ombe hazilipwi Novemba. Zinalipwa Februari na Agosti, wakati una mabua. Ukishavuna, usichome mabua wala usiyaache yaliwe ovyo na mifugo ya njiani. Yafunge, yapeleke kwa rafiki yako mwenye ng'ombe, msaidie kuyaweka juu ya mti au juu ya dungu, mchwa wasiyafikie. Kwa maoni yetu mizigo michache ya mabua mwezi wa Agosti inazidi kilo mbili za sukari mwezi wa Novemba. Asiye na mabua ana miguu: achukue siku yake ya kunywesha ng'ombe maji wakati wa kiangazi. Ukifanya hivyo, Novemba hutahitaji kubembeleza mtu.

Chuma nacho kinaisha. Lile bapa la plau linalokata udongo linalika kama sabuni, hasa kwenye mashamba yetu yenye changarawe. Anayekuja wa sita analima na chuma kilicholiwa na wale watano, halafu kikivunjika mkononi mwake wote wanamtazama yeye! Hiyo si haki. Bapa na bolti zinunuliwe kwa mchango wa wote kabla ya msimu, kulingana na ekari za kila mmoja. Lakini nati iliyopotea shambani kwako, au mnyororo uliouacha nje usiku ukachukuliwa, huo ni wako peke yako. Plau irudishwe siku ile ile, imekwanguliwa udongo, na kama kuna kitu kimelegea mwenyewe aambiwe. Asigundue kesho kutwa akiwa shambani na ng'ombe wameshafungwa.

Wenzetu wavuvi wa pwani wana desturi ambayo tunaipenda. Samaki wakiuzwa, gharama za safari hutolewa kwanza, halafu kinachobaki kinagawanywa kwa mafungu. Mabaharia wana mafungu yao, na chombo chenyewe kina fungu lake, mara nyingi na nyavu pia, hata kama mwenye chombo alibaki nyumbani siku hiyo. Viwango vinatofautiana kijiji kwa kijiji, lakini hakuna anayeuliza mbao zinataka pesa za nini. Kila mtu anajua mbao zinaoza na tanga linachanika. Na yule rafiki aliyepandishwa tu kwa wema haketi mbele akitazama mawimbi. Anatoa maji yanayoingia chomboni, anavuta kamba, na wakirudi anasaidia kukokota chombo ufukoni kabla hajauliza samaki wake.

Sisi hatuna bahari, lakini wazo ni lile lile. Plau na ng'ombe wahesabiwe kama mtu mmoja katika kikundi, mtu anayekula na anayechakaa.

Sasa kazi zenyewe. Kulima na ng'ombe kunataka watu watatu au wanne: wa kuongoza mbele, wa kushika plau, wa kuwaswaga, na wa kuangusha mbegu nyuma katika mfereji. Tunaona mara nyingi mkopaji anakuja na mbegu peke yake, wengine wote anatarajia watoke kwa mwenye ng'ombe. Anayeongoza mbele basi anakuwa nani? Ni mtoto wa yule mama, wa darasa la tano, aliyekosa shule Jumatatu kwa shamba la nyumba hii, Jumanne kwa shamba la nyumba ile. Msimu ukiisha amekosa wiki mbili za masomo, na bado tunashangaa anarudia darasa. Juu ya jambo hili hatutaki majadiliano marefu. Anayekopa plau aje na mtu wake mzima wa kuongoza. Mshika plau, kama ng'ombe wamemzoea, anaweza kutoka kwa mwenyewe, na huyo alipwe au arudishiwe siku ya kupalilia.

Shamba liwe tayari jana yake. Visiki ving'olewe, mawe yatolewe, na mahali pa kugeuzia ng'ombe pajulikane. Wenye matuta ya fanya juu waseme mapema plau iishie wapi, maana tuta lililochukua mwethya mzima kulijenga linaweza kubomolewa asubuhi moja na watu wenye haraka. Na saa: ng'ombe wafungwe alfajiri, wafunguliwe saa tano jua likiwa kali. Usiseme "mistari miwili tu tumalize". Hiyo mistari miwili ndiyo inayoua ng'ombe wa watu.

Chakula tusikifanye sherehe. Uji asubuhi na muthokoi wakishafungua ng'ombe, inatosha. Tumeona nyumba ikikopa kuku ili isionekane maskini mbele ya mwenye plau. Haifai.

Haya, wenye ng'ombe mnatabasamu, lakini na ninyi mna lenu. Mkiulizwa, mnajibu "hakuna shida". Plau inakwenda, inarudi, "hakuna shida". Halafu siku ya soko tunasikia shida zote, na waliozileta hawapo! Mkopaji hawezi kujua bapa limeisha kama humwambii. Hawezi kujua kwamba unataka siku zako za kwanza. Sema Septemba, mkiwa mmeketi chini ya mti, hakuna mtu mwenye haraka: "Mvua ikinyesha, siku mbili za kwanza ni zangu. Baadaye zamu." Kulima shamba lako kwanza na ng'ombe wako si uchoyo. Wala usimgeuze rafiki yako kibarua, ati kwa sababu alilima na plau yako Novemba basi hadi Machi akuchotee maji. Deni liwe na mwisho, na mwisho ujulikane.

Kuna jambo jingine limekuja na simu. Baba yuko Nairobi au Mombasa, ng'ombe ni wake kwa jina, lakini anayewalisha ni mama. Jirani anampigia baba, baba anasema chukua, mama anaona tu watu zizini alfajiri. Jamani, usimruke aliye nyumbani. Nenda kwa mama kwanza, mwombe, na kama ni lazima baba ajulishwe, mama ndiye apige. Na kama kuna pesa ya kutuma kwa M-Pesa, iende kwa yule anayenunua dawa ya kupe.

Tumeacha jambo gumu mwisho. Maksai akivunjika mguu shambani kwako, ni nani hasara? Hatujaona kikundi kilicholizungumza hili kabla halijatokea, na baada ya kutokea hakuna anayeweza kulizungumza kwa utulivu. Sisi tunaona hivi. Kama ulimlima saa za jua kali, au ulimwazima mtu wa tatu bila ruhusa, au shamba lilikuwa na shimo ulilolijua ukanyamaza, hasara ni yako, hata ikichukua misimu mitatu kulipa. Lakini kama kazi ilikuwa katika saa zilizokubaliwa na kila mtu alikuwa mwangalifu, hasara iwe ya wote waliolimiwa na yule ng'ombe mwaka ule. Nyama iuzwe, pesa zipewe mwenyewe, kilichopungua kununua mwingine kichangwe. Wengine watasema ni mzigo mkubwa kwa maskini. Ni kweli, ni mkubwa. Lakini mkimwachia mtu mmoja, mwaka ujao hakuna plau kwa mtu yeyote. Vikundi vyenye akiba vinaweza kuanza kuweka kidogo kidogo kila mkutano kwa ajili hiyo, na kiasi hicho mtapanga wenyewe mkijua mifuko yenu.

Yote haya yaandikwe katika daftari la kikundi: ekari za kila mmoja, zamu, mabua yaliyopelekwa, mchango wa bapa. Mwandishi asiwe mwenye ng'ombe. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya wote, aweke kidole. Na kama mstari wa zamu ni mrefu kupita mvua, walio mwisho wasingoje bure. Wachimbe mashimo ya zai mapema wakati wa kiangazi, hata robo ekari, ili mvua ya kwanza iwakute na mbegu mahali fulani.

Tumeongea sana. Mzee pale nyuma ameinua mkono tangu tulipokuwa kwenye mabua, na nadhani anataka kuuliza juu ya punda na mkokoteni. Karibu, mzee.