Somo Wangu ni Nani? Majina Yanayokutana Mwambao wa Rumonge



Kiswahili kina neno zuri la kumwita mtu mwenye jina kama langu: ni somo wangu. Wengine husema wajina. Kirundi nacho kina kitenzi kizima, kwitiranwa, yaani kuitwa jina moja. Lugha zote mbili zinauona huo kuwa uhusiano, na masomo wawili wakikutana njiani hutaniana kama ndugu. Ofisini mambo ni mengine. Jina likiitwa wakasimama wawili, karani hukunja uso. Jioni hii nitaeleza kwa nini karani wa Rumonge, hapa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, ana sababu nyingi za kukunja uso, na kwa nini kosa si la hao waliosimama.

Tuanze na namna Warundi wanavyopeana majina. Kwa desturi mtoto harithi jina la ukoo. Hupewa lake mwenyewe. Philippe Ntahombaye, katika kitabu chake cha 1983 kuhusu majina ya Burundi, alionyesha jinsi jina linavyobeba hofu, shukrani na hata ugomvi wa wazazi na majirani. Kwa hiyo kaka anaweza kuwa Ndayizeye na mdogo wake akawa Bigirimana. Hapo ndipo mgeni anapopotea: waliotoka tumbo moja hawashiriki jina, ilhali wasiojuana kabisa wanalishiriki.

Sikilizeni majina yenyewe kwa sikio la Kiswahili. Imana, yaani Mungu, huchukua kiambishi -yi-, ndugu wa -i- yetu tunayoisikia katika “naipenda”. Ndayizeye ni anayesema “naitumaini”. Ndayishimiye ni anayesema “naishukuru”. Domitien Ndayizeye na Évariste Ndayishimiye, wote wawili marais wa nchi hii kwa nyakati tofauti, hawakufanywa jamaa na mwanzo huo wa majina yao. Kilichowakutanisha ni sarufi na dua za wazazi.

Kuna pia majina ya mpangilio wa kuzaliwa. Nyandwi ni wa saba, Minani ni wa nane. Pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi, na anayewafuata ni Ciza. Majina haya ni kama viti: atakayezaliwa wa nane hukuta kiti cha Minani kinamngoja. Kisha ukaja ubatizo na majina ya watakatifu. Weka Jean mbele ya Minani, unampata mwanasiasa aliyepata kuwa Spika wa Bunge la Taifa. Lakini mama yeyote Mkatoliki mwenye watoto wanane angeweza kumtoa Jean Minani wake.

Waislamu wa Rumonge nao, wanaofuatisha jina la mtoto na la baba, hawakuepuka jambo hili, maana majina ya mitume na masahaba yana idadi yake. Wao walipata dawa ya zamani: lakabu. Katika karne ya 19 mfanyabiashara wa Ujiji aliyetia hofu mwambao huu aliitwa Muhammad bin Khalfan. Uliza jina hilo katika bandari yoyote ya Waswahili, utaitikiwa na wengi. Uliza Rumaliza, na kila mtu atajua unamtaja nani. Mwenzake Hamed bin Muhammed naye alijulikana zaidi kwa lakabu yake: Tippu Tip.

Mnaona basi kwamba jina halikuwahi kufanya kazi peke yake. Jina lilikuwa la kuita; kumtambua mtu ilikuwa kazi ya jirani. “Butoyi yupi?” “Yule wa fulani, anayeishi upande wa juu wa michikichi.” Mjadala unaishia hapo.

Sasa mwondoeni jirani. Tarehe 29 Aprili 1972 machafuko yalianza, na Rumonge na Nyanza-Lac zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza. Mauaji yaliyofuata yaliwafukuza watu wengi hadi Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huku nyuma mashamba yao ya tambarare ya Imbo yakapata wenyewe wengine. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliwaahidi wakimbizi haki ya kurudi na kudai mali zao, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi, CNTB. Fikirieni mtoto aliyekulia ng’ambo, ambako jina la pili ni la baba, akirudi kudai shamba la babu mwenye jina walilonalo wengine wengi. Jirani aliyeujua mpaka wa shamba amekufa, au ndiye anayelima shamba hilo.

Mahali pa kuzaliwa napo hapatoshi. Mtu wa Rumonge alizaliwa mkoa wa Bururi, mwaka 2015 akajikuta mkoa wa Rumonge, na tangu mabadiliko ya 2025 yuko Burunga, bila kuhamisha hata kinu chake.

Kinachobaki ni wazazi. Kitambulisho chetu, karangamuntu, kina nafasi ya Se na nafasi ya Nyina. Hapo ndipo maneno ya jirani yalipopata kuandikwa. Nawaomba makarani wa zahanati, shule na ardhi wasinakili jina wakaiacha mistari hiyo miwili. Nawaomba wazee mlio hapa muwatajie wajukuu, kabla hatujawazika ninyi, majina ya baba na mama wa kila aliyelima karibu nanyi. Nanyi vijana, mkikutana na somo wenu, tanianeni naye kwanza. Kisha mwulizeni mama yake ni nani.