Pampu ya Petroli ya Bei Nafuu kwa Gari la EFI la Zamani



Tumepewa nafasi hii tuzungumze nanyi juu ya kifaa kidogo kisichoonekana, maana aghalabu hukaa ndani ya tangi: pampu ya umeme ya petroli. Ikifa, gari halisogei. Hapo mwenye Corolla au Mark II ya miaka ya tisini hujiona yu kati ya mawili: pampu halisi ya bei asiyoimudu, au ya bei rahisi asiyoijua asili yake. Sisi tunasema iko njia ya tatu, nayo ni pampu mbadala iliyo halali.

Kwanza hakikisheni kwamba pampu ndiyo iliyokufa. Fyuzi iliyoungua, relei iliyochoka, waya wa athi ulioshika kutu au filta iliyoziba huweza kuleta dalili zile zile, na kwa kawaida vyote hivyo ni rahisi kuliko pampu. Fundi makini hupima kama umeme unafika kwenye pampu, kisha hufunga jeji na kusoma presha ya petroli. Anayetamka "pampu" kabla hajafungua boneti, mwombeni apime.

Presha ndiyo kiini cha jambo hili. Pampu ya gari la kabureta husukuma petroli kwa presha isiyofika hata nusu ya baa moja. Toyota ya EFI ya miaka ile huhitaji karibu baa 3, na Mercedes-Benz za zamani zenye mfumo wa KE-Jetronic wa Bosch hupita baa 5. Kwa hiyo pampu ya kabureta haifai kabisa katika gari la EFI, hata kama ni mpya na umbo lake linavutia. Vivyo hivyo, pampu ya baa 3 haiiwezi Mercedes hiyo. Pampu iliyopungukiwa kidogo ndiyo yenye hila zaidi: gari huwaka, hutembea vizuri tambarare, kisha hukosa nguvu mlimani likiwa na abiria, tena pengine wakati linapita lori.

Unafuu wa kweli uko wapi, basi? Watengenezaji wengi wa magari hawajitengenezei pampu. Denso huitengenezea Toyota, na Bosch huyatengenezea makampuni mengi ya Ulaya. Pampu ya kiwandani mle mle huweza kuuzwa kwa bei kubwa katika boksi lenye nembo ya gari, na kwa bei ndogo katika boksi la aliyeitengeneza. Kwa sababu hiyo msinunue kwa jina la gari peke yake. Toeni pampu ya zamani, isomeni namba iliyo ubavuni mwake, nendeni nayo mkononi Kariakoo au Gerezani. Linganisheni presha, wingi wa petroli kwa saa, kipenyo, urefu, mdomo wa kutolea mafuta na soketi ya umeme. Wingi uliozidi kidogo hauna neno katika gari lenye bomba la kurudisha petroli tangini. Uliozidi sana hudai umeme mwingi na kupasha moto nyaya zilizozeeka. Tena, ikiwa kishikizo na geji ya tangi ni vizima, mara nyingi yatosha kununua pampu yenyewe na chujio lake dogo, badala ya mkusanyiko mzima.

Tafadhali tofautisheni mbadala na bandia. Mbadala hubeba jina la aliyeitengeneza na husema wazi inaingia mahali pa namba ipi. Bandia hujivika jina la mwingine. Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na kuuza bandia kama halisi ni upotoshaji huo hasa. Kwa maoni yetu, mbadala mpya yenye jina lake ni bora kuliko pampu iliyotumika, ambayo hakuna ajuaye imebakiza umri gani.

Iko desturi ya dukani ambayo hatuipendi. Muuzaji huigusisha pampu kwenye betri, ikavuma, nanyi mkaambiwa ni nzima. Mvumo huo unaonyesha tu kwamba mota inazunguka, hauonyeshi presha. Zaidi ya hayo, petroli ndiyo inayoipoza na kuilainisha pampu, hivyo kuizungusha kavu ni kuila umri wake. Kwa sababu hiyo hiyo, msizoee kutembea na tangi lililo karibu kukauka.

Wakati wa kufunga, betri ichomolewe, presha iliyobaki kwenye mabomba iachiliwe taratibu, na kazi ifanyike penye hewa, pasipo sigara wala taa ya moto. Kipande cha mpira kilicho ndani ya tangi kiwe cha aina iliyotengenezwa kuzama katika petroli. Mpira wa kawaida huvimba na kupasuka, mkarudi gerejini mkidhani pampu ni mbovu.

Daini risiti ya EFD yenye jina na namba ya pampu, andikeni juu yake muda wa dhamana mliokubaliana na muuzaji atie saini, kisha hifadhini boksi pamoja na pampu ya zamani. Mkija kwetu na malalamiko, hivyo vitatu ndivyo tutakavyoviomba kwanza.