Simu ya Zabuni Haikupigwa

(Mada niliyoiwasilisha kwenye kongamano la vijana wa jimbo letu. Nimeiweka hapa karibu kama nilivyoisema, kwa sababu wengi mliniomba.)

 

Nimepewa dakika kumi niongelee manunuzi ya umma. Najua mada hii inaleta usingizi, hasa baada ya ubwabwa. Kwa hiyo naanza na mama yangu mdogo.

Mama mdogo ana kikundi cha wanawake kumi na mmoja. Walikuwa na mkataba wa usafi na halmashauri moja, sitaitaja. Wanafagia soko, wanaosha vyoo, wanazibua mitaro. Saa kumi na moja alfajiri wako kazini. Msimamizi alikuwa na namba zao zote. Maji yakikatika vyooni, anapiga. Mkubwa akitarajiwa kutembelea soko, anapiga, hata saa nne usiku.

Siku moja wamefika na mafagio yao, wakakuta watu wengine wamevaa aproni mpya. Wakaambiwa mkataba wenu umeisha, zabuni ilitangazwa, mshindi huyu hapa.

Mama mdogo akauliza: ilitangazwa wapi? Akajibiwa: kwenye mfumo.

Mfumo ndo huu wa NeST, ambao taasisi za serikali zinapitishia zabuni zao. Kikundi kilikuwa na akaunti. Ila aliyewafungulia ni kijana wa steshenari, kwa barua pepe ambayo ni yeye tu mwenye neno la siri. Kijana alishahama mji.

Jamani, simu ya kulalamikia choo ilifika kila mara. Simu ya zabuni haikupigwa hata moja.

Nilikwenda na mama mdogo mpaka ofisini. Ofisa alitupokea vizuri tu, sina ugomvi naye. Alisema: "Mwanangu, wewe unasoma sheria. Nionyeshe panaposema nimpigie mtu simu. Nikimpigia huyu, wengine watasema nampendelea."

Nataka tuiheshimu hoja hiyo kabla ya kuijibu. Sheria ya Ununuzi wa Umma, Namba 10 ya mwaka 2023, imesimama juu ya ushindani, usawa na uwazi. Tangazo ni la wote. Na nyie wenyewe mnajua tunavyolalamika kila siku kwamba zabuni zinarudi kwa walewale. Sasa leo nasimama hapa nataka aliyeko kwenye kazi apewe taarifa? Si ndo kumbeba huko?

Hapana. Mzabuni anayejuana na wakubwa hahitaji taarifa. Yeye tangazo analijua kabla halijaandikwa. Anayehitaji taarifa rasmi ni yule asiye na mtu ndani. Taarifa ya maandishi, inayotoka siku ileile tangazo linapotoka, yenye maneno yaleyale yaliyo kwenye tangazo, haimwongezei mtu alama hata moja. Inachofanya ni kuondoa faida ya kunong'onezwa.

Wenzetu wamelibishania jambo hili muda mrefu. Marekani walipitisha sheria ya ushindani katika mikataba ya serikali mwaka 1984, inayotaka ushindani kamili na wa wazi. Likaja swali: ofisi ikisahau kumpelekea nyaraka za zabuni yule anayeifanya kazi hiyohiyo sasa hivi, hapo ushindani umekamilika? Mwaka 1988, katika kesi ya kampuni iitwayo Abel Converting, iliyokuwa ikiiuzia serikali bidhaa za karatasi, mahakama ya shirikisho mjini Washington ilisema hapana, sheria imevunjwa. Na hapo hapakuwa na hila, ofisi ilipitiwa tu. Mantiki yake ni nyepesi: anayeifanya kazi anajua gharama zake halisi. Ukimwacha nje, unajinyima bei ya kulinganisha, na anayeumia ni mlipa kodi.

Baadaye matangazo yao yakahamia kwenye intaneti, na msimamo ukabadilika. Sasa tangazo likishawekwa kwenye tovuti rasmi, kila mzabuni anahesabiwa kuwa ameliona. Usipofungua, shauri yako.

Kwa kampuni ya huko yenye mtu anayelipwa kukaa mbele ya kompyuta, sawa. Kwa mama mdogo mwenye simu ya vitufe? Sheria yetu inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Huwezi kumtengea mtu kiti, halafu mwaliko ukauweka mahali ambapo yeye hafiki. Kiti hicho kitakaliwa na mwingine, na kwenye ripoti itaandikwa kwamba fursa ilitolewa.

Kwa hiyo naomba tutoke hapa na mambo matatu.

La kwanza, tudai kanuni iseme wazi: taasisi nunuzi ikitangaza upya kazi inayoendelea, imtumie mwenye mkataba ujumbe mfupi wa simu siku hiyohiyo, na vikundi vyote vilivyosajiliwa kwa kazi ya aina hiyo vipate ujumbe huohuo. Wote kwa pamoja. Hapo yule ofisa hatakuwa na hofu ya kuambiwa anapendelea, kwa sababu atakuwa anatii kanuni.

La pili, kila mkataba wa kikundi uandikwe kwa Kiswahili, ukurasa wa mbele: unaisha tarehe fulani, kazi itatangazwa upya, tangazo litaonekana hapa.

La tatu ni letu sisi, wala halihitaji Bunge. Kila tawi litafute vikundi vya mtaani kwake na kuuliza: akaunti yenu ya NeST inafunguka? Barua pepe ni ya nani? Mkataba unaisha lini? Na vikao vya baraza la madiwani tuhudhurie, hata pale ambapo hatuna diwani. Tukasikilize mipango ya manunuzi, tukawaambie akina mama. Na kama kuna mzabuni aliyedhulumiwa, tumwambie kuwa malalamiko yanaanza kwa afisa masuuli, kisha Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, na muda ni mfupi, siku za kazi hazifiki hata kumi. Mama mdogo hakujua kama kuna mahali pa kulalamika. Na mimi nilikuwa chuoni, nasoma hayahaya, sikuwahi kumwuliza mkataba wake unaisha lini. Hilo nalibeba.

Wale wanawake kumi na mmoja hawakuomba wapewe kazi. Labda wangeshindana wakashindwa, na aliyeshinda pengine alistahili. Hatutajua kamwe.

Mama mdogo sasa anauza maandazi nje ya soko lilelile. Wiki iliyopita yule msimamizi alimpigia simu. Akapokea haraka haraka, akidhani labda kuna habari. Alikuwa anauliza funguo za stoo ya mafagio ziko wapi.